Unauza nyumba? Usikubali kuzungushwa

UKIPITA katika mitaa ya Nairobi, hutakosa kuona lango au ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi. Mwenyewe ameandika hivyo kwa kuhofia matapeli wasije wakaiuza bila yeye kujua.

Lakini wewe, mpenzi msomaji, huenda hali yako ni tofauti. Wewe unataka kuuza. Pengine umestaafu na unatamani kurudi mashambani. Pengine watoto wamekua na nyumba ya vyumba viwili imewabana, au kuna karo ya chuo kikuu isiyoweza kungoja. Mumekaa chini kama familia, mkakubaliana. Mbona basi mwaka unakwisha na nyumba bado iko mikononi mwenu, huku kila mkipiga simu mnaambiwa mngoje kidogo?

Wengi wana jibu moja tu: ajenti ni mwongo na mnunuzi ni mkora. Wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo, ukichunguza kwa makini mauzo yaliyokwama utagundua kwamba kila siku iliyopotea ina mwenyewe. Kuna siku zilizopotezwa na ajenti, nyingine na mnunuzi, nyingine na benki, nyingine na afisi ya ardhi. Na usishangae, nyingi hupotezwa na muuzaji mwenyewe. Anayejua kutofautisha siku hizi, na kuziandika kwenye karatasi mapema, hazungushwi kwa urahisi.

ANZIA KABATINI MWAKO

Kabla hujampigia ajenti yeyote simu, fungua ile bahasha unayoweka karatasi za nyumba. Je, hatimiliki iko? Jina lililoandikwa humo linalingana na la kitambulisho chako? Mama aliyenunua nyumba kwa jina la usichana kisha akabadilisha kitambulisho baada ya ndoa atahitaji kiapo cha wakili kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Ni kazi ya siku chache ikifanywa mapema. Ikigunduliwa baada ya mnunuzi kupatikana, inakuwa sababu ya yeye kuanza kutilia shaka mambo mengine.

Kama hati imepotea, jua kwamba kupata nyingine si jambo la wiki moja. Sharti tangazo litolewe katika gazeti rasmi la serikali na siku 60 zipite ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Ikiwa nyumba bado ina jina la baba aliyefariki, mambo ni mazito zaidi. Sheria ya urithi hairuhusu ardhi au nyumba ya marehemu kuuzwa kabla ya mahakama kuidhinisha kikamilifu wasimamizi wa mali hiyo. Ndugu wanaochukua pesa za mnunuzi wakiwa na matumaini kwamba kesi ya urithi itakwisha hivi karibuni wanajitafutia balaa. Malizeni ya mahakamani kwanza.

Kuna pia suala la mume na mke. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Kwa hivyo bwana anayeleta wateja kuiona nyumba mama akiwa kazini, akidhani atamweleza baadaye, anajisumbua bure. Wakili wa mnunuzi ataitaka idhini hiyo, tena kwa maandishi na sahihi.

Isitoshe, kuna madeni ya serikali. Nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwenye ardhi ya kukodi kwa muda, kama vile miaka 99, na mwenyewe hulipa kodi ya ardhi kila mwaka. Kando na hiyo kuna ada za ardhi zinazotozwa na serikali ya kaunti. Utahitaji vyeti vya kuonyesha hudaiwi upande wowote. Watu wengi huja kugundua wakati wa kuuza kwamba hawajalipa kwa miaka kumi na adhabu zimerundikana. Ni bora ugundue ukiwa peke yako kuliko mbele ya mnunuzi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ukiyamaliza haya, utakuwa umeokoa miezi kadhaa hata kabla bango halijatundikwa.

AJENTI HALISI NA BROKA WA KANDO YA BARABARA

Nchini Kenya kazi ya uajenti wa nyumba ina sheria yake, iliyopitishwa mwaka 1984, na ina bodi inayosajili wanaoifanya. Kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa. Usione haya kumuuliza ajenti wako cheti chake cha mwaka huu na kukithibitisha kwa bodi yenyewe. Aliye halali atakuonyesha bila kununa.

Lakini ukweli ni kwamba nyumba nyingi mijini huuzwa kupitia mabroka. Huyu ni kijana wa duka la simu, yule ni bawabu wa ploti ya pili, mwingine ni jirani anayefahamiana na kila mtu. Si wote walio wabaya, na baadhi yao huujua mtaa kuliko kampuni yoyote iliyo katikati ya jiji. Taabu huanza pale kunapokuwa na broka wa broka. Wewe unamwambia wa kwanza kwamba unataka Sh9 milioni. Yeye anamwambia mwenzake Sh9.5 milioni, naye huyo anamtajia mteja Sh10 milioni. Mteja akifika kwako na kusikia bei halisi, anahisi alitaka kuibiwa na anaondoka. Au mabroka wanagombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu nani aliyemleta, na mteja anachoka na kelele.

Aidha, nyumba inayotangazwa na watu sita kwa bei sita tofauti huchakaa sokoni. Wanunuzi huanza kuulizana ina kasoro gani hata ikakosa mtu kwa muda wote huo. Kwa hivyo chagua ajenti mmoja, au wawili wasiozidi, na umpe muda maalum. Siku 90 zinatosha kumpima.

Mwandikiane. Barua hiyo ya mapatano isikose mambo yafuatayo:

Kwanza, bei unayoitaka na bei ya chini kabisa ambayo hutaishuka. Eleza wazi kwamba haruhusiwi kuongeza chake juu.

Pili, malipo yake ni asilimia ngapi ya bei, na atalipwa lini. Hapa ndipo wauzaji wengi huteleza. Ajenti anayelipwa fedha zake zote siku ya arubuni, yaani yale malipo ya kwanza ya kufunga mapatano, hana tena sababu ya kumsukuma mnunuzi akamilishe. Mlipe sehemu ndogo wakati huo, na kiasi kikubwa pesa zote zitakapoingia. Utastaajabu jinsi atakavyokuwa akimpigia mnunuzi simu kila Jumatatu.

Tatu, gharama za matangazo na bango ni za nani.

Nne, itakuwaje ukipata mnunuzi wewe mwenyewe, kwa mfano binamu yako. Je, bado utamlipa ajenti? Jambo hili lisipoandikwa, huzaa kesi.

Tano, muda ukiisha mapatano yamekwisha, na akupe orodha ya watu aliowaleta ili baadaye mmoja wao akirudi msibishane.

Kuna vitu viwili ambavyo ajenti hapaswi kushika hata siku moja. Cha kwanza ni hatimiliki yako. Cha pili ni pesa za mnunuzi. Hati hukaa kwako au kwa wakili wako. Pesa hupitia katika akaunti ya wateja ya wakili. Hata nakala ya hati usiisambaze ovyo kwenye simu za watu, kwani matapeli huitumia kutengeneza hati bandia.

Na kwa kuwa nyumba ni maskani ya watoto pia, panga siku za wageni kuja kuiona, kama Jumamosi mchana. Weka daftari la majina na nambari za simu. Waagize watoto wasimfungulie mtu yeyote anayesema ametumwa na ajenti ikiwa wazazi hawako.

MNUNUZI ATATOA WAPI PESA?

Sasa mnunuzi amepatikana. Ameipenda jikoni, amesifu mti wa mwembe ulio nyuma ya nyumba na kusema, "Mzee, hii nyumba ni yangu, usimpe mtu mwingine." Wengi husikia hivyo na kuwafukuza wateja wengine wote. Miezi mitatu baadaye bado anatafuta pesa.

Elewa kwamba maneno hayo hayana nguvu. Tangu mwaka 2003, sheria ya mikataba ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uwe umeandikwa, utiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi iwe na shahidi. Bila hayo huwezi kumshtaki mnunuzi kwa kukuangusha. Yeye pia hawezi kukushtaki wewe ukimuuzia mwingine. Kwa hivyo, mpaka mkataba utiwe sahihi na arubuni ilipwe, endelea kuwaonyesha wengine nyumba. Huo si ukosefu wa adabu.

Swali la kumuuliza mapema, kwa upole lakini bila kuzunguka, ni hili: pesa zitatoka wapi?

Mwenye fedha taslimu ndiye mwepesi, lakini hata yeye akuonyeshe dalili. Wa chama cha akiba na mikopo, yaani Sacco, hungoja zamu yake ifike na wadhamini wakubali. Aliye ng'ambo mara nyingi humtegemea ndugu wa huku kutia sahihi kwa niaba yake, na sharti idhini ya kufanya hivyo iandikwe na isajiliwe. Yupo pia anayengoja kuuza chake ndipo anunue chako. Huyu msikilize kwa tahadhari, kwani ucheleweshaji wa mnunuzi wake utakuwa wako.

Anayekopa benki ana safari ndefu zaidi. Benki hutuma mthamini wake kuikagua nyumba. Mawakili wake hupekua hati. Kisha hutoa barua ya kukubali mkopo, na mnunuzi huitia sahihi. Ombi lako kwake liwe kuiona barua hiyo ya benki, si kusikia habari zake tu.

Kuna jambo moja katika mauzo ya benki linalowatisha wauzaji. Benki haitoi pesa mpaka nyumba iandikishwe kwa jina la mnunuzi na iwekwe rehani. Maana yake ni kwamba utaiachilia hati kabla ya kuona senti ya lile salio. Usikatae kwa hasira, lakini pia usikubali kwa ahadi ya mdomo. Wakili wako ataomba barua ya ahadi kutoka kwa benki au wakili wake, ikisema kwamba salio litalipwa ndani ya siku zilizotajwa, mara nyingi 14, baada ya uandikishaji. Ahadi ni deni, na ya wakili au benki inaweza kudaiwa mahakamani. Ahadi ya ajenti au ya mnunuzi mwenyewe haitoshi.

SI KILA KUCHELEWA NI UJANJA

Kuna wakati mnunuzi huchelewa kwa sababu ya haki, na kumgombeza ni kumwonea. Mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyohusu ploti ya Nyali, Mombasa. Ilisema kwamba kuwa na hatimiliki pekee hakutoshi ikiwa ardhi hiyo ilitolewa hapo mwanzo bila kufuata sheria, hata kama aliyeinunua baadaye hakujua. Tangu hapo mawakili wa wanunuzi huchimba historia ya ploti mpaka kwa mmiliki wa kwanza. Zamani upekuzi wa hati, ambao wengi huuita sachi, ulikuwa wa karatasi moja. Sasa wataka kuona barua ya ugavi, ramani na risiti za kale. Ukiwa nazo, mpe. Kila karatasi unayoitoa leo inapunguza wiki za kungoja.

Kisha kuna afisi ya ardhi yenyewe. Mnamo Aprili 2021 serikali ilizindua mfumo wa Ardhisasa, ukianzia Nairobi, ili kazi zifanywe kwa kompyuta badala ya mafaili ya Ardhi House. Lakini faili ambayo habari zake hazijaingizwa sawasawa kwenye mfumo inaweza kuwakwamisha nyote wawili. Mwombe wakili wako aangalie kama nyumba yako inaonekana humo na kwa jina lako, mapema kabisa.

SIKU 90 NA BEI YA KILA SIKU

Mawakili wengi hapa nchini hutumia masharti ya mauzo yaliyotungwa na Chama cha Mawakili, LSK. Mazoea ni kwamba mnunuzi hulipa arubuni ya asilimia 10, kisha mauzo hukamilishwa kwa siku 90. Mazoea haya si amri ya Mungu. Kama mnunuzi anakopa benki na mnajua siku 90 hazitatosha, andikeni 120 tangu mwanzo kuliko kuandika 90 na kuanza kutukanana siku ya 91.

Jambo la maana ni kuandika kitakachotokea siku zikipita. Tuseme unauza kwa Sh9 milioni. Arubuni ni Sh900,000, na salio ni Sh8.1 milioni. Mkataba ukisema salio likichelewa litatozwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, basi kila siku ya kuchelewa itamgharimu mnunuzi takriban Sh3,100. Miezi miwili ni zaidi ya Sh186,000. Mnunuzi aliyezoea kusema "wiki ijayo" huanza kukimbia akipigiwa hesabu hiyo. Na kwa kuwa haki haina upande mmoja, riba hiyo isitozwe ikiwa aliyechelewesha ni wewe.

Siku ya mwisho ikipita bila pesa, usiende kwake na vijana wa mtaa. Wakili wako atampa notisi ya kukamilisha, ambayo kwa kawaida ni ya siku 21. Ikiisha na bado hajalipa, unaweza kuvunja mkataba na kufanya na ile arubuni kama mkataba ulivyosema. Ndiyo sababu arubuni inafaa ibaki kwa wakili mpaka mwisho. Muuzaji aliyekwisha kuila hana nguvu ya kuvunja mkataba wala uwezo wa kurudisha pesa.

Usichelewe kuchukua hatua, kwani mnunuzi mwenye mkataba anaweza kuweka zuio kwenye hati yako katika afisi ya ardhi. Zuio likikaa, huwezi kumuuzia mwingine mpaka liondolewe, na kuliondoa huhitaji notisi au mahakama.

USITOE UFUNGUO

Litakuja ombi moja tamu. Mnunuzi atasema, "Wacha niingie nianze kupaka rangi, salio linakuja mwisho wa mwezi." Mpenzi msomaji, kataa kwa heshima.

Sheria ya ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba mnunuzi akishaingia katika nyumba, muuzaji anayetaka kuvunja mkataba ana njia mbili tu: kuirudia nyumba kwa amani, au kupata amri ya mahakama. Ni wangapi watakaotoka kwa amani baada ya kupaka rangi na kuweka makochi? Ufunguo hutolewa pesa zikiwa zimeingia.

USHURU USISAHAULIWE

Mnunuzi ndiye anayelipa ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba. Kwa Sh9 milioni hiyo ni Sh360,000. Hakikisha anazo kando, kwa sababu wengi hukwama hapo wakiwa tayari wamepata mkopo wa kulipia nyumba.

Wewe nawe una ushuru wa faida ya kuuza mali. Ulirudishwa mwaka 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Kama ulinunua kwa Sh4 milioni, ukatumia Sh1 milioni kuikarabati na kulipia gharama zinazokubalika, kisha ukauza kwa Sh9 milioni, faida ni Sh4 milioni na ushuru ni Sh600,000. Habari njema ni kwamba nyumba ambayo mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza imesamehewa. Weka ushahidi wa kuishi humo, na risiti za mafundi usizitupe.

KABLA HAMJAFUNGASHA

Familia nyingi huumia si kwa sababu mnunuzi alichelewa, bali kwa sababu zilikwisha kuzitumia pesa zake kabla hazijafika. Baba ameahidi kununua ploti Kitengela kufikia tarehe fulani. Mama ameshamwarifu mwalimu mkuu kwamba watoto watahama muhula ujao. Siku zikisogea, familia inajikuta ikimbembeleza mnunuzi na kumpunguzia bei ili tu alipe. Mnunuzi mjanja huiona haraka hiyo machoni mwenu na hucheza nayo.

Kwa hivyo msiweke ahadi nyingine yoyote inayotegemea fedha hizi mpaka angalau mwezi mmoja baada ya siku ya mwisho iliyo kwenye mkataba. Watoto waendelee na shule yao. Ploti ya Kitengela ikikuponyoka, nyingine itapatikana. Lakini nyumba iliyowalea watoto wako huuzwa mara moja tu, na inastahili kuuzwa kwa bei yake.